Mwanangu ananiita, mimi nahesabu shanga

Shikamoo Masi, mama mdogo wetu wa Kigujarati,

Mimi ni mama wa watoto wawili, fundi cherehani, nina kibaraza changu Kariakoo. Nimezaliwa Morogoro katika familia ya Kikatoliki. Miaka miwili iliyopita mteja wangu mmoja, mama wa Kihindi niliyekuwa namshonea blauzi za sari, alinialika hekaluni kwao Jumapili. Nilikwenda kwa kumheshimu tu. Wakaimba, wakapiga ngoma na matoazi, mwisho tukakaa chini tukala pamoja. Nilirudi nyumbani wimbo uko mdomoni, na kesho yake mguu uko kwenye pedeli ya cherehani na mdomo unasema Hare Krishna bila kuamriwa. Nilikuwa nimetoka kumzika kaka yangu. Yale maneno yalinituliza kuliko pole zote nilizopewa.

Baadaye wakanipa mala, uzi wa shanga 108, wakanifundisha kuihesabu mantra, yaani maneno yale ya ibada, ushanga kwa ushanga mpaka mzunguko utimie. Nilianza na mzunguko mmoja. Kisha mzee mmoja wa pale, mtu mwema sana, akaniambia anayetaka kupiga hatua ya kweli anafanya mizunguko 16 kila siku. Nikaahidi mbele yake. Tangu hapo naamka saa kumi usiku. Haiishi kabla watoto hawajaenda shule, kwa hiyo mingine naifanya ndani ya daladala, mingine nikikata vitambaa, mingine usiku nikiwa nasinzia. Naenda mbio mpaka neno linameza neno.

Wiki iliyopita mwanangu wa mwisho, ana miaka minne, aliamka kabla ya alfajiri akaniita. Nilikuwa nimebakiza shanga chache. Nikamwonyesha mkono asubiri. Akaita tena, nikageuza uso. Nilipomaliza ndipo nikamgusa, mtoto anaungua. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, ameona yote. Hakunifokea. Alisema tu, "Huyo Mungu wako hajui kama una mtoto?" Akambeba, akaenda kumkanda kwa kitambaa cha maji. Asubuhi tulimpeleka zahanati, akapimwa, ni malaria. Amekunywa dawa, sasa anacheza. Lakini mimi sijapona. Nilimsimulia dada mmoja wa hekaluni, akasema afadhali sikukatisha, maana mzunguko ungeharibika na ningetakiwa kuanza upya. Masi, jibu hilo lilinitisha kuliko maneno ya mume wangu.

Yapo na mengine. Akili haitulii, nikitaja jina nawaza kodi ya fremu. Maana ya maneno naijua juu juu. Ulimi wangu unatamka "Kirishina", na kijana mmoja alinicheka akasema mantra isiyotamkwa sawasawa haizai kitu. Mama yangu alipokuja kunitembelea aliiona mala akauliza, "Rozari gani hii haina msalaba?" Nikamdanganya kuwa ni pambo la mteja, kwa sababu anaamini nyimbo za Kihindi zinaita majini. Tena kuna mtu kwenye kundi la WhatsApp anasema ukiitaja mantra mara laki moja madeni yanafutika, ila kwanza akupe "mantra ya siri" kwa shilingi elfu hamsini. Nina deni la cherehani. Nimeshamtumia elfu ishirini.

Niache? Nipunguze? Nikipunguza nimevunja ahadi kwa Mungu?

Fundi wa Kariakoo

*

Marahaba mwanangu,

Nianze na mtoto, maana barua yako yote inazunguka pale alipokuita. Mtoto akiita usiku, unainuka. Mala unaiacha ndani ya mfuko wake, unaiweka mahali safi, unakwenda. Ukirudi unaendelea ulipoishia, na kama umesahau ulipofikia unarudi nyuma kidogo. Hakuna mzunguko ulioharibika. Dada aliyekuambia vile alikosea, na nakuomba usiyabebe maneno yake hata kwa siku moja zaidi.

Sisi tuliozaliwa katika nyumba za Kivaishnava, yaani za Wahindu wanaomwabudu Mungu kwa majina ya Vishnu na Krishna, tunakisikia kisa cha Ajamila tangu tukiwa wadogo. Kimo katika kitabu cha sita cha Bhagavata Purana, mojawapo ya maandiko yetu matakatifu. Ajamila alikuwa Brahmini, mtu wa tabaka la makuhani, aliyeiacha njia yake, akaishi kwa kamari, ulaghai na wizi. Alizaa wana kumi, na kitindamimba wake akampa jina la Narayana, ambalo ni jina la Mungu. Alimpenda mtoto huyo kupita kiasi: akila, anamlisha, akinywa, anamnywesha. Siku ya kufa kwake, watumishi wa Yama, bwana wa mauti, walipomjia na kamba mkononi, aliingiwa na hofu akamwita mwanawe aliyekuwa akicheza mbali kidogo. Narayana! Hakuwa akifanya japa, yaani kulirudia jina la Mungu kwa ibada. Hakuwa na mala, wala hakuwa akimkumbuka Mungu. Alikuwa baba anayemwita mtoto wake. Na kwa sababu ya jina lile wajumbe wa Vishnu wakafika, wakazikata kamba, na Ajamila akaachiwa uhai, akaenda Haridwar kwenye mto Ganga kuishi upya.

Walimu wameandika mengi juu ya kisa hiki, na mimi sina nafasi ya yote. Nakitaja kwa ajili yako kwa jambo moja. Jina lililomjibu baba aliyekuwa anamwita mtoto wake haliwezi kumkasirikia mama anayemwitikia wa kwake. Ungeinuka pale, ukamshika mtoto kifuani huku unasema Hare Krishna polepole sikioni mwake na mkono unatafuta kitambaa cha maji, ungekuwa ndani ya ibada, hukuiacha.

Mwombe radhi mumeo. Hakumtukana Mungu wako. Aliuliza swali la haki, na jibu lake ni kwamba Mungu anajua sana una mtoto, ni wewe uliyesahau kwa dakika zile. Mwambie hivyo, kwa maneno machache, bila kujitetea kwa habari za mizunguko.

Sasa tuje kwenye hiyo 16.

Fanya hesabu. Mizunguko 16 ya shanga 108 ni mara 1,728. Mtu aliyezoea anamaliza mzunguko mmoja kwa dakika saba hivi, kwa hiyo yote inamchukua karibu saa mbili. Anayejifunza, kama wewe, huenda dakika kumi na zaidi, na hapo unakaribia saa tatu. Saa tatu kila siku kwa mama mwenye watoto wadogo, mume, kibaraza na deni! Siyo kwamba haiwezekani, wapo wanaoweza. Lakini hukuulizwa kama unaweza. Uliambiwa kiwango, ukaahidi kwa sababu moyo wako ulikuwa na moto.

Kiwango chenyewe kina historia, na ningependa uijue. A. C. Bhaktivedanta Swami Prabhupada, aliyezaliwa Calcutta mwaka 1896, alipanda meli ya mizigo mwaka 1965 akiwa na karibu miaka 70, akaenda Marekani kwa agizo la mwalimu wake. Mwaka 1966 alianzisha ISKCON, jumuiya ya Hare Krishna, katika kiduka kidogo New York. Kwa mwalimu wake kipimo kilikuwa mizunguko 64. Alipowatajia vijana wale wa New York, walishtuka. Akashuka mpaka 32, wakaona bado ni mlima. Akashuka tena, mwisho akasimama kwenye 16. Hicho ndicho kiapo cha wanafunzi wake wanaopewa diksha, yaani wanaopokelewa rasmi na guru. Wewe, kwa maelezo yako, hujapokea diksha. Mtu asiyepokea diksha anaanza na mzunguko mmoja, miwili, minne, na anaongeza pale maisha yake yanapomruhusu. Ona basi: hiyo namba uliyoikumbatia kwa hofu ilizaliwa kwa mwalimu kuwashusha watu mzigo.

Kuna mwingine wa kukuliwaza zaidi. Mantra hii unayoitaja imeenea kwa sababu ya Chaitanya Mahaprabhu, aliyezaliwa Navadvip, Bengal, mwaka 1486. Yeye ndiye aliyeitoa kwenye vyumba vya wasomi akaiimba barabarani pamoja na wauza mboga na wafua nguo, mpaka kadhi wa mji akapiga marufuku na ngoma yao ikavunjwa, na Chaitanya akajibu kwa kuwatoa watu usiku na mienge, wakiimba mji mzima mpaka mlangoni kwa kadhi. Miongoni mwa watu wake alikuwepo Haridasa. Huyu alizaliwa katika familia ya Kiislamu, akalipenda jina la Krishna, akapigwa viboko hadharani soko baada ya soko kwa sababu hakukubali kuliacha. Alikuwa akilitaja jina mara laki tatu kwa siku. Chaitanya akamwita mwalimu wa Jina. Hakumpa cheo hicho Brahmini yeyote, alimpa yeye.

Haridasa alipozeeka, wakiwa katika mji wa Puri, India, mtumishi alimpelekea chakula akamkuta amelala, anataja jina kwa sauti ya chini, hesabu yake ya siku haijatimia. Kesho yake Chaitanya akaja kumwona, akamuuliza anaumwa nini. Haridasa akajibu kwamba mwili siyo kitu, ugonjwa wake ni kushindwa kumaliza hesabu. Na Chaitanya, ambaye ndiye aliyeleta mwendo huu wote, akamwambia: umezeeka sasa, punguza hesabu. Yameandikwa hayo na Krishnadasa Kaviraja katika maisha ya Chaitanya, sehemu ya mwisho kabisa. Mimi kila nikifika pale nasimama. Mtu wa laki tatu aliambiwa apunguze, na aliyemwambia ndiye aliyekuwa na haki kuliko wote ya kumdai.

Kwa hiyo punguza. Nakushauri mizunguko miwili. Siyo minne, siyo "nitakayoweza". Miwili, kila siku, siku ya sherehe na siku ya msiba. Usinielewe kwamba nasema hesabu haina kazi. Wale Goswami sita, wafuasi wa Chaitanya walioishi na kufundisha Vrindavan, mji wa Krishna, walikuwa na hesabu maalumu kila siku na hawakuiacha, kwa sababu mtu asiye na hesabu anajidanganya upesi. Leo kachoka, kesho ana wageni, wiki imekwisha hajataja kitu. Hesabu ni ya kukuleta kwenye kiti. Ukishakaa, kazi yake imekwisha, inayobaki ni kusikia.

Na hapa ndipo penye jambo lenyewe. Umeniambia unajua maana juu juu, basi nikueleze, halafu utaona kwa nini mbio haifai. Mantra yote ni maneno 16, na ndani yake mna majina matatu tu:

Hare Krishna Hare Krishna, Krishna Krishna Hare Hare,
Hare Rama Hare Rama, Rama Rama Hare Hare.

Krishna ni Bwana mwenyewe, yule anayevuta nyoyo zote. Rama ni jina lake pia, chemchemi ya furaha. Wengine humkumbuka hapo Rama mfalme wa Ayodhya, wengine Balarama, kaka yake Krishna, na hawagombani. Hare, kwa walimu wa Chaitanya, ni kumwita Hara, ambaye ni Radha, nguvu na upendo wa Bwana. Tazama sasa: kila neno ni mwito. Ewe, ewe, ewe. Hamna "nipe", hamna "nataka", hamna hata kitenzi. Prabhupada alipoulizwa alieleza kuwa ndani ya mwito huo mna ombi moja, ewe nguvu ya Bwana, ewe Bwana, nipokee katika utumishi wako, na kwamba liitwe kama mtoto anavyomlilia mama yake. Mwanao alikuonyesha usiku ule namna ya kufanya japa. Aliita mara ya kwanza, aliita mara ya pili, na kila mara alikuwa na maana yake.

Huwezi kumwita mtu mbio mbio ili umalize kumwita. Ndiyo maana neno likimeza neno, hata ukifika 1,728, unachoka tu.

Namna ya kukaa. Shika mala kwa mkono wa kulia, ushanga ukae kati ya kidole gumba na kidole cha kati. Kidole cha shahada hakigusi. Kuna ushanga mmoja mkubwa, unaitwa Meru. Unaanza na ule unaofuata, mantra moja nzima kwa kila ushanga, unavuta unakwenda mwingine. Ukifika tena kwenye Meru umetimiza 108. Huuruki, unageuza mala na kurudi ulikotoka. Kabla ya mzunguko watu wa Chaitanya hutaja jina lake na la wenzake wanne, mzee wako atakufundisha kama hujafundishwa. Sema kwa sauti inayofika sikioni mwako mwenyewe, siyo zaidi. Halafu sikiliza. Sikio lako lisikie "Hare", lisikie "Krishna". Hiyo tu. Usijaribu kuona taa wala sura, usikaze paji la uso.

Akili itakwenda kwenye kodi ya fremu. Itakwenda, mwanangu, usishangae. Katika sura ya sita ya Bhagavad Gita, kitabu chetu kitakatifu, Arjuna, askari hodari, anamlalamikia Krishna mwenyewe kuwa akili ni ngumu kuzuia kama upepo. Na Krishna hamwambii kwamba ana dosari. Anakubali: ni ngumu, haina shaka. Kisha anamwambia inawezekana kwa mazoezi na kwa kutojifunga na mambo. Mistari michache kabla ya hapo alishasema kwamba kokote inakokimbilia, irudishwe kutoka huko. Kurudisha ndiyo mazoezi yenyewe. Ukigundua upo kwenye kodi, rudi kwenye sikio, usijisute, usianze ushanga upya. Mtu aliyerudishwa mara mia katika mzunguko mmoja amefanya kazi kubwa kuliko aliyepita usingizini bila kutikisika.

Fanya miwili yako saa kumi na moja, si saa kumi, ulale kidogo. Simu iwe chumba kingine. Kama siku imekataa kabisa asubuhi, fanya mchana kabla hujafungua chakula. Ukiwa kwenye cherehani au daladala taja jina kadiri moyo unavyotaka, bila mala, bila hesabu, kwa kunong'ona, na mteja akisema nawe, mjibu vizuri. Jina hilo la njiani ni la kujifurahisha nalo, halihesabiwi, na halikuzuii kuishi na watu.

Nawe ni fundi, basi jishonee mfuko wa mala. Gomukhi, tunauita. Pamba nene inafaa kuliko hariri inayoteleza. Juu unaacha mdomo mpana wa kupitisha kiganja, ubavuni unaacha tundu dogo lililozungushiwa uzi vizuri, kama kifungo cha shati, hapo ndipo kinapotokea kidole cha shahada. Mkanda uwe mrefu wa kuvaa shingoni, ili ukiinuka ghafla mala isidondoke. Kama yako ni ya mti wa tulsi, ambao ni jamii ya mrihani, usiiloweshe maji ya sabuni. Ifute kwa kitambaa kikavu.

Kuhusu "Kirishina". Wagujarati sisi tunasema Krushna. Wabengali, watu wa Chaitanya mwenyewe, wanasema Krishno. Watamil wana yao. Huyo kijana aliyekucheka, mwulize ni nani kati ya hao Bwana hamsikii. Kuna mantra za Veda, maandiko yetu ya kale kabisa, ambazo kila sauti ina kipimo chake na mtu hujifunza miaka mingi kwa mwalimu, hizo zina wenyewe. Hii siyo hiyo. Katika Kali-Santarana, andiko fupi kati ya yale yaitwayo Upanishadi, mjuzi Narada anamwuliza Brahma, muumbaji, mtu atavukaje zama hizi mbaya, naye anamtajia majina haya 16. Narada anauliza kanuni zake. Brahma anajibu kwamba hakuna kanuni. Mtu awe safi asiwe safi, alitaje daima. Jifunze kutamka kadiri uwezavyo kwa sababu ya upendo, kama unavyojitahidi kutamka jina la mkweo, lakini usiogope.

Huyo wa WhatsApp, usimtumie hata senti nyingine. Mantra hii haina siri. Chaitanya aliiimba barabarani ili asikie hata asiyetaka. Wala haiuzwi kwa kufuta madeni. Katika beti nane ambazo Chaitanya alituachia, ubeti wa nne anasema wazi kwamba hataki mali, hataki wafuasi, hataki uzuri wa wanawake, anachotaka ni kumpenda Bwana maisha baada ya maisha bila sababu nyingine. Sasa mtu anayekuuzia mahesabu ya laki moja kwa ajili ya cherehani anakuuzia kinyume chake. Jitoe kwenye kundi hilo, na waonye wengine waliomo. Deni la cherehani zungumza na aliyekukopesha, mpangie kiasi cha kila wiki, uandike. Kumwomba Mungu akutie nguvu ya kulilipa ni halali kabisa. Lakini usifanye japa kuwa biashara, utaichukia siku biashara ikigoma.

Kwa mama yako nataka uende mwenyewe Morogoro, usimwambie kwa simu. Umemdanganya, na hilo ndilo litakalomuumiza akilijua kwa mtu mwingine, kuliko mala yenyewe. Mwambie: mama, ile haikuwa ya mteja, ni yangu. Mwambie namna ulivyokuwa baada ya kaka yako kufa. Yeye alizika mwana, atakusikia hapo kabla ya popote. Mweleze kwamba maneno yale ni majina ya Mungu kwa Wahindu, hayaiti pepo wala jini, na mtafsirie moja moja. Anajua kushika shanga na kutaja jina tangu usichana wake, hilo hutahitaji kumfundisha. Lakini usimwambie kuwa ni kitu kile kile na rozari. Siyo kile kile, naye siyo mtoto. Kwa Mkatoliki mwenye imani yake jambo hili ni zito, na ana haki ya kuhuzunika. Mpe nafasi ya kuhuzunika bila kukimbilia kumshinda kwa hoja. Akikuomba uende naye misani Jumapili hiyo, nenda, mshike mkono.

Kama kuna siku atakuambia, "Wewe siyo wa huko, wale ni Wahindi," hapo unaweza kumsimulia Haridasa. Na unaweza kumsimulia pia kwamba mwaka 1971 Prabhupada alifika Nairobi, akaenda katika hekalu la Wahindi, akakuta Waafrika wako nje na milango imefungwa. Aliagiza milango ifunguliwe na watu waingie waimbe na kula. Hilo lilitokea hapa kwetu Afrika Mashariki, na bado tunahitaji kulikumbuka, sisi Wahindu wa Kisutu, Dar es Salaam, wa kwanza. Mteja wako aliyekualika alifanya jema kubwa. Mimi ningependa wengi wetu tufanye hivyo.

Usilazimishe nyumba yako ifuate chakula chako. Ukitaka kuacha nyama na samaki, acha wewe. Mumeo na watoto wapikie dagaa wao kwa moyo mweupe. Ukimtolea Bwana sahani ndogo ya wali na kunde kabla ya wewe kula, hiyo inatosha kabisa. Gita inataja jani, ua, tunda, maji.

Limebaki la ahadi. Uliahidi mbele ya yule mzee, kwa hiyo mwendee yeye, usimkwepe wala usimtume mtu. Mwambie, "Baba, niliahidi zaidi ya uwezo wangu, kuanzia leo nafanya miwili na nitaishika." Mweleze habari ya mtoto bila kuficha. Nadhani atahuzunika kuwa hakukuuliza hali yako kabla ya kukupa kiwango, maana umesema ni mtu mwema. Akikukumbusha kuwa ahadi ni ahadi, mwulize kwa adabu Chaitanya alimwambia nini Haridasa kule Puri. Anakijua kisa hicho. Kaa naye mkisome pamoja.

Masi